Nusu ya Ndevu za Papa Wilondja

Aibu hii siwezi kuificha hata nikitaka, maana Maman Sifa anayeuza mandazi pale sokoni Baraka hataniruhusu: kila akiniona anainua mkono wenye unga na kupaza sauti, "Amisi! Tuambie, kesho nani alishinda?" na meza zote za jirani zinacheka, hata wale waliofika juzi kutoka Kilembwe na magunia yao, ambao kisa chenyewe hawakijui. Kwa hiyo bora nikieleze mimi, kwa mpangilio, kuliko mkisikie kwake (yeye huongeza kwamba nililia, na sikulia).

Mnajua kwamba mimi ni mtu wa tenisi. Utotoni nilikaa kwa mjomba wangu Bujumbura, nyumba yake ilishikana na ukuta wa klabu moja, nikajifunza mchezo kwa kuchungulia kwenye tundu, na niliporudi nyumbani nilirudi na raketi tatu za zamani na ugonjwa usiopona. Yale mashindano makubwa manne ya kila mwaka, Melbourne, Paris, London na New York, nayafuata kama wengine wanavyofuata mpira wa miguu, na redio yetu ya hapa ikanipa kazi ya kujitolea: matokeo yakitoka, napiga simu, nayasoma, yanarushwa. Hivyo Baraka nzima (sawa, robo ya Baraka) ikaanza kuwajua wachezaji wawili waliokuwa wakikutana fainali baada ya fainali, tukawapa majina yetu. Mmoja tulimwita Nyundo, kwa jinsi anavyouanzisha mpira hadi unaona mpinzani anataka kujikinga uso. Mwingine tulimwita Kamba, mwembamba, anakimbia huku na huku nyuma kule na kurudisha kila kitu mpaka mwenzake achoke na maisha. Mimi ni wa Kamba. Papa Wilondja ni wa Nyundo.

Papa Wilondja ndiye chefu wa avenyu yetu, yaani kiongozi wa mtaa, na ana vitu viwili vinavyojulikana. Cha kwanza ni ndevu nyeupe zinazoshuka hadi kifuani, ambazo huzichana mbele za watu kwa kitana kidogo anachokiweka kwenye mfuko wa shati. Cha pili ni uwanja ulio nyuma ya nyumba yake, tambarare, mgumu, ambapo mke wake huanika mihogo, na ukiwa mtu wa tenisi huwezi kuuangalia bila kuona wavu katikati.

Nilikuwa nautaka uwanja ule kwa ajili ya vijana ninaowafundisha. Walikuwa wakichezea barabarani, mpaka pikipiki ikamgonga mmoja wao, Esperance, kiwiko, akafungwa plasta, na mama yake akasema basi, na mama wengine nao wakaanza kusema basi. Bila uwanja, tenisi ya Baraka ilikuwa inakufa mikononi mwangu. Kwa hiyo nilimwomba Papa Wilondja baada ya misa, nikamwomba ofisini kwake, nikamwomba hata kwenye matanga (hilo nalo nalionea aibu), hadi siku moja mbele ya kibanda cha video cha Sadiki akachoka.

"We Amisi, unanichokesha. Sikia. Jumapili, Kamba wako akishinda kule London, uwanja chukua, na ndevu hizi mi nanyoa siku ileile, batu bote baone. Nyundo akishinda, usiniulize uwanja tena, hata siku ya kufa kwangu."

"Hata nikija kukuzika, Papa?"

"Hata ukiwa umeshika koleo."

Tukapeana mikono, Sadiki akiwa shahidi. Huyu Sadiki ana kiti cha kunyolea mbele na chumba cha video nyuma, na jenereta moja ndogo inayolisha vyote viwili, kwa zamu. Kumbukeni hiyo zamu.

Jumapili ilipofika simu yangu ilionyesha kwamba fainali inaanza saa nane. Mwezi wa sita, wakati wa Paris, saa zao na zetu zilikuwa sawasawa, kwa hiyo sikujisumbua. Sikufikiri kwamba London iko nyuma yetu kwa saa moja na kwamba saa nane zao kwetu ni saa tisa. Watu walijaa mapema, lakini Sadiki alihangaika kutafuta mafuta ya jenereta, na picha ilipokuja hatimaye tukawakuta Kamba na Nyundo wote katika mavazi meupe, kwenye majani, mchezo uko mbali.

"Tumechelewa!" nikasema. "Ni seti ya tatu!"

Hapo ndipo nilipofanya uamuzi mdogo ulionimaliza. Televisheni ilikuwa ikisema Kifaransa cha haraka, jenereta inanguruma, watu wanapiga kelele, "Tafsiri! Tafsiri!" nami nikamwambia Sadiki, "Zima sauti kabisa, nipe mikro." Akazima. Nikasimama na kipaza sauti kando ya televisheni kama mtu aliyezaliwa kwa ajili hiyo, nikaanza kutangaza. Maneno ambayo watu wa televisheni huandika kwenye kona ya juu hatukuyaona, kwa sababu kona hiyo ina doa jeusi tangu siku televisheni ilipoanguka kutoka kwenye baiskeli.

Nilitangaza vizuri, hilo hata Maman Sifa anakubali. Niliona pointi zinafuatana haraka mno, hawaketi kwenye viti vyao hata mara moja, nikawaeleza watu kwa uhakika kabisa kwamba wachezaji wa kiwango hiki wana pumzi ya ajabu. Kisha Papa Wilondja, benchi la mbele, akainua kidole.

"We Amisi. Ijumaa Nyundo alikuwa na kipara. Leo nywele zinatoka wapi?"

Ningenyamaza tu nikafikiri! Lakini nilikuwa na mikro mkononi, na Kamba alikuwa anaongoza.

"Mabibi na mabwana, Papa Wilondja ameanza kuhesabu nywele za watu, ni dalili ya mtu ambaye mchezo unamtoroka!"

Chumba kizima kikacheka. "Mi nauliza tu," akasema, akashika ndevu zake.

Kamba akashinda. Akaanguka chali kwenye majani, akalia, akapewa kombe, akalibusu, na sisi tukalipuka, vijana wangu wakatoka nje wakiimba "Uwanja! Uwanja!" wakashika barabara kuelekea ziwani. Mimi sikuimba. Mwandishi wa habari kwanza anatuma habari. Nikapiga simu redioni nikasoma matokeo, seti kwa seti, kwa sauti tulivu, nikiwa na furaha ya kuwa wa kwanza. Na kweli nilikuwa wa kwanza, nadhani duniani kote.

Papa Wilondja ni mtu wa neno lake. Alisimama, akaenda mbele, akaketi kwenye kiti cha kunyolea, akatoa kile kitana mfukoni na kunipa.

"Shika. Mi sina kazi nacho tena."

Sadiki akamfunga kitambaa shingoni, akazima televisheni ili umeme utoshe mashine, akaanza upande wa kulia. Watu walijaa mlangoni. Redio ndogo ya betri kwenye rafu ilikuwa imefunguliwa, na saa tisa kamili tukasikia sauti yangu mwenyewe ikisema Kamba bingwa wa London, na mtangazaji akimshukuru mwandishi wetu mahiri Amisi, na mimi nikainamisha kichwa kama mtu asiyependa sifa. Halafu redio ikaunganisha, kama kila saa, na habari za Kifaransa kutoka ng'ambo, na bibi mmoja mwenye sauti nzuri akasema kwamba London wachezaji wanaingia uwanjani sasa hivi na fainali itaanza baada ya dakika chache.

Mashine ya Sadiki ikasimama. Upande wa kulia wa Papa Wilondja ulikuwa mtupu kabisa. Upande wa kushoto ndevu zilishuka hadi kifuani kama kawaida. Akanitazama kwenye kioo.

"Amisi."

"Naam, Papa."

"Kombe bamelipeana?"

"Bamelipeana, Papa."

"Sasa banaingia kufanya nini?"

Mtu mmoja mlangoni akasema labda banarudia kwa sababu ya penalti, na hakuna aliyecheka.

"Sadiki, washa picha."

"Papa, nikiwasha picha mashine inakufa, na huu upande mwingine..."

"Nimesema washa picha."

Picha ikawaka, na sauti nikaipandisha mwenyewe hadi mwisho. Nyundo alikuwa anaingia uwanjani na mfuko begani, kipara kinang'aa kama kikombe kilichooshwa. Mtangazaji akasema kwa Kifaransa, sasa nikamsikia vizuri, kwamba tulichotoka kuona kilikuwa fainali ya mwaka jana, kwa ufupi, ya kupoza watazamaji wakati wa kungoja. Mwaka jana siku ya fainali nilikuwa Ubwari kwa wakwe zangu. Matokeo niliyapata kwa ujumbe wa simu, picha yake sikuwahi kuiona.

Wale waliokuwa wakiimba wakaitwa, wakarudi kimya. Papa Wilondja akaketi benchi la mbele na kitambaa shingoni na nusu ya ndevu, na hakuna aliyethubutu kuketi karibu naye isipokuwa mimi, kwa sababu aligonga benchi kwa kiganja akasema, "Hapa." Nikaketi, kitana mkononi. Niseme ukweli, niliomba Mungu Kamba ashinde kwelikweli, ili uongo wangu ugeuke kuwa habari iliyowahi tu kidogo. Kamba akachukua seti ya kwanza. Akachukua ya pili. Watu wakaanza kunitazama tofauti, hata Sadiki akanikonyeza. Kisha Nyundo akaamka, akaanza kugonga, akagonga seti tatu mfululizo, na mpira wa mwisho hata Kamba hakuukimbilia.

Papa Wilondja akasimama.

"Uwanja," akasema.

"Sitauliza, Papa."

"Hata siku ya..."

"Hata nikiwa nimeshika koleo."

Akarudi kwenye kiti. "Malizia, Sadiki. Na nusu mi siwezi kwenda nyumbani, mama batoto atanifungia mlango."

Jumatatu redio walitaka kusoma sahihisho wenyewe, kwa sentensi moja, baada ya matangazo ya vifo. Nilikataa. Nililitangaza kwa sauti yangu na jina langu, kisha nikaazima kipaza sauti cha mkononi nikapita nacho sokoni meza kwa meza: matokeo ya jana hayakuwa ya jana, bingwa ni Nyundo, aliyekosea ni mimi. Ndipo Maman Sifa alipotunga lile swali lake. Nilisoma pia mbele ya mlango wa Papa Wilondja, naye ameketi barazani na kidevu kama muhogo uliomenywa. Alisikiliza hadi mwisho.

"Umesema vizuri. Rudia pale mwisho, bamama ba kule hawakusikia."

Nikarudia.

Tangu hapo sijazima sauti ya televisheni yoyote, hata ya tangazo la sabuni, na sitangazi mshindi kabla sijahesabu saa za nchi husika kwenye vidole na kuona wachezaji wawili wakipeana mikono siku ileile ninayoishi. Vijana nao hawajaacha; wanapiga mpira kwenye ukuta wa nyumba yangu, plasta inadondoka, na mke wangu Riziki ananiuliza kama nyumba ni ya watu au ya raketi. Tunaendelea. Kuhusu uwanja, neno ni neno. Kila asubuhi napita kwa Papa Wilondja kumsalimu, nauliza habari za mihogo, za wajukuu, za avenyu, na nikiondoka napita kando ya uwanja ule nikiangalia mbele kama askari.

Ila kidevu chake nilikuwa nakiangalia. Ndevu zilianza kama majivu, zikawa kama pamba. Juzi alinisubiri nimalize salamu, akajikuna pole pole.

"New York banacheza lini?"

"Fainali ni mwezi wa tisa, Papa."

"We hukuniuliza kitu, sivyo? Ni mi nakuuliza."

"Sijauliza kitu, Papa."

"Kile kitana changu bado unacho?"

Kilikuwa kwenye mfuko wa shati, sijawahi kukiacha nyumbani tangu siku ile. Nilimpa, nikaaga, na nilipopita kando ya uwanja, kwa mara ya kwanza tangu ile Jumapili, niligeuza kichwa nikauangalia.