Blenda Yetu Ilipata Alama Tisini na Nane

Blenda ya jikoni kwetu iliwahi kupata alama tisini na nane kwa kuimba.

Sitanii. Ni blenda ya kawaida ya kusagia juisi, tena kifuniko chake kimepasuka. Mashine ya karaoke iliipigia makofi na kuiwashia taa za kila rangi.

Mama yangu mzazi, aliyeimba kwenye harusi zote za ukoo wetu tangu mimi sijazaliwa, mashine hiyohiyo ilikuwa inampa thelathini na moja.

Kaeni vizuri niwasimulie, maana hii hasira nimeibeba peke yangu vya kutosha.

Mimi ni fundi cherehani, mtoto wa pili kwa Mama. Wa kwanza ni Kaka, ambaye nyumbani tunamwita Mtaalamu. Hakuna chuo kilichompa utaalamu huo, alijipa mwenyewe. Ukiumwa jino, anajua. Paa likivuja, anajua. Akiita fundi bomba anasimama nyuma yake kumwelekeza, mpaka fundi wa watu anamwachia spana.

Wa mwisho ni mdogo wetu wa kike, Mziwanda. Huyo ndiye alikuwa anaolewa.

Sasa, Mama alikuwa ametoka kuugua mapafu. Ugonjwa ulipona, woga haukupona. Kila akianza wimbo anakatisha katikati na kushika kifua.

"Sauti imeondoka na ugonjwa," anasema.

Daktari alishasema kifua ni kizima, kinachotakiwa ni mazoezi, aimbe kidogo kidogo kila siku. Na Mziwanda naye alishasema lake: harusi yake Mama asipoimba, basi bora watu wale chakula warudi makwao.

Ndiyo likaja wazo la karaoke ya nyumbani. Mama apate muziki wa kumsindikiza, maneno ayaone kwenye televisheni, na maiki imsaidie asijikaze.

Wazo zuri kabisa. Kosa letu lilikuwa kumruhusu Kaka kuja dukani.

"Nataka ndogo," nilimwambia muuzaji. "Mama ainyanyue kwa mkono mmoja, aitoe sebuleni aipeleke jikoni anakopika. Vitufe viwe vikubwa, macho yake hayaoni vizuri vitu vya karibu. Na maiki isiwe nzito."

Muuzaji akatuwekea moja yenye mpini, ukubwa wa ndoo ndogo. Nikaijaribu. Sauti safi, kila neno linasikika. Nikajua kazi imekwisha.

Kaka akaigonga kwa kidole kama anachagua tikiti maji.

"Hii ni ya watoto," akasema.

"Kaka, anayeimba ni Mama. Hatununui ya uwanja wa mpira."

"Mdogo wangu, wewe shona nguo. Haya mambo yana wenyewe. Unajua wati ni nini?"

"Wewe unajua?"

"Wati ni nguvu. Na mtu aliyetoka kuugua anahitaji nguvu."

Nikamtazama muuzaji anisaidie. Muuzaji akatazama dari, maana ameshanusa kwamba mteja wa spika kubwa amejileta mwenyewe.

Ikaletwa hiyo kubwa. Inanifika kiunoni. Taa zinazunguka, besi inatikisa rafu, maiki mbili ndani ya boksi. Na eti inatoa alama ukimaliza kuimba.

Kaka akashika maiki ya dukani, akafumba macho, akafoka ubeti wa wimbo ambao hata aliyeutunga angeukana. Mashine ikapiga makofi. Tisini na sita.

Naomba mnielewe. Kaka hajui kuimba. Shuleni mwalimu wa kwaya alimpa kazi ya kupanga viti, na hata viti alivipanga kwa kelele.

"Umeona?" akasema, macho yamemlowa kabisa. "Kipaji kilikuwepo. Hamkunipa nafasi."

"Kaka, hii haibebeki."

"Ina magurudumu."

Magurudumu yalifanya kazi dukani, kwenye vigae. Kwetu kuna kokoto uani na ngazi mlangoni. Tuliibeba kama kabati, mimi mbele, Mziwanda nyuma, Mtaalamu pembeni akitoa maelekezo.

Akaifungua mwenyewe, hakutaka mtu aguse. Karatasi ya maelezo aliikunja akaikalia. Maiki nyeusi akachukua yeye, nyekundu akampa Mama. Ya kwake ikawaka kitaa cha kijani. Ya Mama kimya.

"Mbona yangu haina taa?" Mama akauliza.

"Hiyo inaficha taa ili kutunza chaji, Mama. Ni teknolojia ya juu."

"Haya, baba," Mama akasema. Mama si mtu wa kumbishia mwanawe mbele ya watu.

Akaimba. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na nilimsikia vizuri. Mwanzo ulitetemeka, kisha ukasimama. Wimbo ulipoisha, mashine ikatoa mlio wa kulialia. Thelathini na moja. Jaribu tena.

Kaka akatikisa kichwa kwa ile huzuni ya mtu anayefurahia.

"Mnaona hata spika haimchukui? Sauti ikiwa hafifu, mashine haiioni. Pole, Mama. Mashine haina upendeleo."

"Mbona sisi tunamsikia?" nikasema.

"Mnamsikia kwa sababu mnampenda."

Sentensi hiyo mpaka leo inanikera. Ilikuwa na sura ya hekima kumbe ni upuuzi mtupu.

Ikawa ndiyo desturi ya kila Jumapili. Mama anaimba, thelathini na moja. Kaka anabweka, tisini na tano, tisini na saba. Mkewe, wifi yangu, anamrekodi kwa simu kwa sababu ameamriwa. Kaka akaanza kunywa maji ya uvuguvugu tu. Akaanza kuvaa skafu shingoni na jua lote hili, eti analinda koo. Debe tupu haliachi kuvuma, lakini hili la kwetu lilianza na kujifunika.

Mama mwanzoni alikuwa anacheka. Baadaye akawa anaangalia namba kabla ya kututazama sisi. Halafu Jumapili moja akaiweka maiki yake kwenye mkono wa kochi, taratibu, kama kitu cha watu.

"Mtafutieni mtoto mtu mwingine wa kumwimbia," akasema. "Nisije nikamtia aibu siku yake."

Mziwanda akakimbilia jikoni kulia. Mimi niliona kabisa kwamba Mama hatafungua mdomo tena, si harusini wala jikoni.

Kaka akakohoa kidogo kusafisha koo.

"Msihangaike. Nitaimba mimi. Alama zinajieleza."

Jumapili iliyofuata alikuja na skafu mpya kufanya mazoezi ya harusi. Mimi nilikuwa jikoni nasaga juisi. Namsikia anavyobweka sebuleni, nasikia na mashine inavyompigia makofi, na Mama amekaa pale anampigia makofi pia. Uvumilivu ukanishinda.

Nikachomoa blenda, nikaingia nayo sebuleni na juisi yake, nikaichomeka karibu na televisheni. Nikampokonya Kaka maiki.

"Zamu yangu," nikasema, nikaiwasha blenda.

Ikanguruma wimbo mzima. Makofi. Taa. Tisini na nane.

Wifi aliangusha simu kwa kucheka. Kaka akasimama, skafu imemkaa upande.

"Unaharibu kifaa. Na hiyo ni maiki yangu, imeshazoea sauti kubwa. Jaribu na ya Mama kama utapata hizo alama."

Nikazima ile yake, nikachukua ile nyekundu. Nikaiwasha blenda mpaka kifuniko kikaruka na juisi ikafika kwenye pazia.

Thelathini na moja.

Kicheko kikakatika.

"Rudia," Mziwanda akasema.

Nikarudia. Thelathini na moja.

Mziwanda akanichukulia maiki, akazima blenda. Ile nyekundu akailaza mezani. Wimbo ukapita wote, hakuna aliyefungua mdomo.

Thelathini na moja. Mashine ikatuambia tujaribu tena.

Ndipo Mziwanda akaifungua ile maiki kitakoni. Kati ya betri na bati lake kulikuwa na kile kiplastiki cha kiwandani, kile kinachowekwa ili betri isiishe ikiwa dukani. Kina mkia unaoning'inia, na kwenye mkia kuna mshale. Kaka cha kwake alikivuta. Cha Mama hakukivuta.

Ikanichukua muda kuelewa tulichokuwa tumefanya.

Mama hakuwahi kutumia maiki. Jumapili zote hizo alikuwa anaimba na kipande cha plastiki mkononi. Sauti tuliyoisikia, juu ya besi, juu ya wati zote za Mtaalamu, ilikuwa ni kifua chake kitupu. Kifua tulichokuwa tunakipa pole.

Mama akakipokea kile kiplastiki, akakisogeza mbali ili akione.

"Kwa hiyo mlikuwa mnanisikia hivihivi?"

"Mpaka nje, Mama," Wifi akasema. "Jirani aliniuliza ni nani anayeimba vizuri hivyo."

Kaka akajikohoza. "Mimi hakuniulizia?"

Wifi akaokota simu yake. "Aliulizia. Alitaka kujua kama kuna ugomvi."

Siku ya harusi, Kaka aliikokota mashine yake mpaka ukumbini. Kule kuna vigae, magurudumu yakapata kazi. Wakati wa Mama ulipofika akamletea maiki, kitaa kinawaka kijani.

"Nimeikagua mwenyewe, Mama."

Mama akaipokea kwa mikono miwili, kwa adabu zote, akailaza mezani kati ya chupa za soda.

"Asante, baba. Mimi nimeshazoea kuimba nikiwa nimezimwa."

Akasimama akaimba. Wagawaji wa chakula kule mlangoni walisimama na sinia mikononi. Mziwanda aliharibu vipodozi vyote na hakujali. Hakuna aliyempa Mama alama yoyote.

Ndugu zangu, ukienda kununua karaoke ya nyumbani, mfikirie mwimbaji wako, usimsikilize anayepayuka dukani. Na ukiona mtu wenu anapata alama ndogo kila mara, usimkague yeye peke yake. Ikague na maiki aliyopewa, kisha mtazame vizuri aliyempa.

Blenda ipo jikoni na inafanya kazi vizuri. Kwa alama ilimshinda Kaka, lakini yenyewe haikuomba kuimba harusini.