Shoki Mpya za Gari la Mzee Kilonzo

Siku yangu ya kwanza kazini sikupewa spana. Msimamizi wa Karakana ya serikali pale Kwale, mtu mfupi kutoka bara mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alinipeleka nyuma ya lori la mchanga akaniamuru nipande juu ya bampa, nirukeruke, kisha nishuke ghafla. Nilifanya hivyo mbele ya mafundi waliokuwa wakinicheka waziwazi.

"Limenesa mara ngapi baada ya wewe kushuka?" aliniuliza.

"Mara nne, Bwana Msimamizi."

"Lori zima hunesa mara moja likatulia. Hili shoki zake zimekufa. Kalete jeki, Rashidi."

Ninyi vijana mnaosoma haya mmezoea kuona kompyuta ikichomekwa chini ya usukani na kutaja ugonjwa wa gari. Sisi tulitumia uzito wa miili yetu, macho na masikio. Gari hukaa juu ya springi, na springi ndiyo inayobeba mzigo na kumeza mashimo. Lakini ukiikandamiza springi hurudi juu, ikisharudi juu hushuka tena, na ingeendelea hivyo hadi abiria watapike. Shoki ndiyo inayoituliza. Ndani yake mna oili inayolazimishwa kupita katika vitundu vidogo, na kwa kuwa oili haina haraka, mneso hufa.

Msimamizi yule alikuwa mkali wa vipimo. Siku moja alinikuta nikipima springi ya lori lisilo na mzigo, akaninyang'anya futi mkononi. "Nani atakayeliendesha tupu?" alifoka. "Lipakie kwanza!" Nilipakia mawe mchana kutwa, mgongo ukaniuma siku tatu.

Kutoka Kwale nilihamishiwa Msambweni, kwenye magari ya wagonjwa. Mkubwa wangu huko alikuwa Ofisa wa Usafiri, mama mtulivu ambaye sikuwahi kumsikia akipaza sauti. Wiki yangu ya kwanza aliniita ofisini, akanikaribisha kiti, akaniuliza habari za wazazi wangu mmoja mmoja. Kisha akasema, "Fundi Rashidi, gari la mbio silitaki. Nataka gari ambalo mama mwenye uchungu akitolewa Jego hadi hapa, afike hajatulaani." Nilifanya kazi chini yake miaka mingi, na nikajua kila boliti ya magari yale.

Mwisho niliajiriwa na hoteli moja ya Diani, kuangalia magari yanayowapeleka wageni matembezini na wale wanaokwenda kuvuka kuingia kisiwa cha Chale. Meneja wa Usafiri alikuwa kijana wa Nairobi, mwenye heshima lakini mwenye haraka. "Mzee Rashidi, wageni wako risepshen na van bado iko juu ya jeki. Tutado?" Hiyo ndiyo iliyokuwa salamu yake ya asubuhi. Nami nilijifunza kufanya kazi upesi. Ufundi wa upesi ni jambo zuri, ila una hatari yake, na hatari hiyo ndiyo sababu ya mimi kushika kalamu.

Katika mwaka wangu wa mwisho alinijia Mzee Kilonzo, mkulima wa Kikoneni. Wazee wake walitoka Ukambani wakapewa shamba katika makazi ya huko, naye amezeekea hapo. Alikuja na gari la Kiingereza la milango miwili, rangi ya maziwa, lililotengenezwa kabla mimi sijazaliwa.

"Shikamoo, Mzee," nilimwamkia.

"Marahaba, Fundi. Nimekuja kwa shida ya mke wangu."

Mkewe, Mama Ndunge, alikuwa amepasuliwa mgongo. Daktari wa Msambweni alitaka aonekane mara mbili kwa wiki kwa mazoezi ya viungo, la sivyo miguu ingezidi kufa ganzi. Magari mengine yalimshinda kuingia, kwani ilimbidi ajikunje na kujizungusha. Lile la zamani lilikuwa na mlango mpana na kiti kilichonyooka, akakaa kama akaaye kwenye kiti cha mezani. Lakini barabara ya vumbi kutoka kwao hadi kwenye lami ilimrusha vibaya, na safari mbili zilizopita alilia njia nzima. Sasa alikuwa amekataa kwenda.

"Ameniambia heri miguu ife akiwa kitandani kwake," Mzee Kilonzo alisema, akageuza uso upande mwingine.

Niliingia kwenye shimo la kukagulia magari nikalitazama. Shoki za nyuma zilikuwa za mtindo wa kale, ambazo vijana wengi hamjaziona: chungu kizito cha chuma kimefungwa kwenye fremu ya gari, yaani chasi, na mkono unaotoka ndani yake kwenda kuishika ekseli ya magurudumu. Zilikuwa zimekauka kabisa. Kila nilipozijaza, oili ilitokea kwenye mihimili iliyolika, na vipuri vyake havipatikani Ukunda wala Mombasa. Za mbele zilikuwa bado nzima, nikamshukuru Mungu, maana hizo ndizo pia zinazoshika gurudumu, na kuzibadili ni kulisuka gari upya.

Nilimshauri tuweke nyuma shoki za kisasa, zile za bomba refu, za pikapu ndogo ya Kijapani. Zinapatikana kila duka. Shida ni kwamba gari halikuzaliwa nazo, kwa hiyo halina pa kuzifungia. Lazima uunde mabano ya chuma, la juu ulishikize kwenye chasi na la chini kwenye bamba la springi. Meneja aliniruhusu kutumia shimo la hoteli siku zangu za mapumziko, na kijana mmoja wa kuchomelea kutoka Ukunda, Sammy, akaja na mashine yake.

Nilipima gari likiwa limesimama pale, halina mtu wala mzigo. Nilikuwa nimefunga shoki zisizohesabika maishani, nikajiona sihitaji zaidi. Jioni nilipanda kwenye bampa nikashuka. Gari lilinesa mara moja, likatulia tuli. Mzee Kilonzo alinishika mkono kwa mikono yake miwili.

Safari ya kwanza ilikwenda salama. Siku ya safari ya pili walipakia nyuma magunia ya mahindi ya kumpelekea binti yao. Saa nne asubuhi simu yangu ililia.

"Fundi," ilikuwa sauti ya Mzee Kilonzo, "breki hakuna. Tumetoka barabarani."

"Na Mama?"

Simu ilikatika.

Sijui nilivyofika. Ninakumbuka pikipiki, Sammy nyuma yangu, na mimi nikisoma Yasini kwa sauti bila kuona haya. Tulilikuta gari kwenye shamba la mihogo chini ya mteremko, pua limeizamisha kwenye matuta. Mama Ndunge alikuwa ameketi kwenye kivuli cha mkorosho, amenyooka vilevile, mkoba wake mapajani.

"Mimi sijaumia," alisema kabla sijauliza. "Mwangalie mume wangu huyo, ndiye anayetetemeka."

Nilikaa chini kwenye mchanga. Mzee Kilonzo alikuwa ameingiza gia ya chini, akavuta breki ya mkono, na alipoona haitoshi akalielekeza gari kwenye udongo laini. Akili ile iliwaokoa wote wawili.

Kisha Mzee akamwona Sammy, hasira ikampanda. Bano moja lilikuwa limeng'oka kwenye chasi, likaukata mrija wa mafuta ya breki, na magari ya zamani yana njia moja tu: ukikatika mahali pamoja, magurudumu yote manne yanakosa breki. "Kazi yako ndiyo hii!" alimfokea. "Uliunganisha kwa mate?"

Sammy alirudi nyuma hatua moja. "Mzae, mimi nilichomelea poa, walahi," aliniambia kwa sauti ndogo.

Nililala chali chini ya gari. Juu ya ekseli kuna kipande cha raba, kazi yake ni kupokea ekseli inapopanda mno. Raba ile ilikuwa na vumbi jembamba la siku nyingi, haijaguswa. Maana yake ekseli haikuwahi kuifikia. Kabla haijaifikia, shoki ilikuwa imekwisha kujikunja yote, ikawa gongo tupu la chuma, na uzito wa magunia ukalisukuma bano hadi likang'oka. Shoki zilikuwa ndefu mno. Ningalilipakia gari siku ile nikapima tena, ningaliliona hilo kwa dakika kumi.

Nilikaa chini ya gari lile kitambo. Hakuna aliyejua kusoma raba ile isipokuwa mimi. Nilikuwa nimebakiza miezi mitatu nistaafu kwa jina safi, na Sammy alikuwa hana wa kumtetea.

Nilitoka. "Mzee, mwache kijana. Chuma chake ni kizuri. Mimi ndiye niliyepima vibaya."

Aligeuka kunitazama. "Wewe?"

"Mimi. Nilifanya haraka."

Mama Ndunge ndiye aliyejibu. "Basi utalitengeneza tena. Na siku nitakayolipanda, wewe utakaa kiti cha nyuma."

Meneja aliposikia alinisihi niachane nalo. Nilimwomba radhi, nikalivuta gari hadi Diani. Safari hii nilipakia magunia na mawe hadi ekseli ikaigusa raba, nikapima. Nikaliinua magurudumu yakining'inia, nikapima tena. Nilitafuta shoki fupi zenye nafasi pande zote mbili, na mabano nikayafunga kwa boliti na bamba mbele na nyuma ya chuma cha chasi, Sammy akachomelea juu yake. Mrija wa breki niliuhamisha mbali. Kisha tulikwenda na Mzee Kilonzo na mzigo wote hadi Kikoneni na kurudi, mara tatu, na kila mara niliingia chini na tochi kutazama.

Siku yenyewe nilikaa kiti cha nyuma kama nilivyoamriwa, shoki zangu chini ya makalio yangu. Tulipoukaribia ule mteremko nilishika ukingo wa kiti. Gari lilizama, likapanda, likatulia. Tukapita daraja, tukapita mikorosho, nami nikawa nasikiliza kila mlio. Tulipogusa lami nilimwona Mama Ndunge kichwa kimelala upande, nikaogopa.

"Mama?"

"Shh," Mzee Kilonzo alininong'oneza. "Amesinzia."

Niligeukia dirishani nikajifuta macho, nikijifanya nimeingiwa na vumbi.

Sasa nimestaafu, niko nyumbani Msambweni. Mwezi uliopita nilikwenda Kikoneni kuwasalimu. Mama Ndunge alikuja mwenyewe kunifungulia lango, ana mkongojo mmoja tu. Malalamiko yake ni kwamba mumewe siku hizi anaendesha kasi. "Zamani gari lenyewe lilimzuia," alisema. "Sasa umemharibu."

Watu huniuliza kama ninajivunia miaka yangu ya kazi. Nikifikiri sana, hicho sicho ninachohisi. Ninachohisi ni kama mtu aliyevushwa mto uliojaa, akageuka akaona alikopita. Magari mengi yalipita mikononi mwangu, na ndani yake walikuwamo wajawazito, wageni, watoto na wazee, na hakuna hata mmoja niliyemzika kwa kosa langu. Mmoja nilikaribia kumzika. Alhamdulillahi, jana alinipigia kuniuliza mbona siendi kula muhogo.