Nilikwenda Shenzhen kutalii, nikarudi Toronto na wivu wa bibi mwenzangu

Wakuu, za kwenu. Vijana, shikamoo zenu nimezipokea zote, marahaba, kaeni tuongee. Ninayoandika nimeyaona kwa macho yangu haya mawili. Moja lina mtoto wa jicho, lakini linaona.

Mimi ni bibi wa Morogoro, naishi Toronto, Crescent Town, ghorofa ya kumi na tisa. Shule niliishia darasa la nne. Mwanangu Baraka kaoa Mchina, Mei, wakanizalia Neema. Wakati wa safari hii alikuwa na miaka sita. Mtoto ana akili huyo, msinibishie.

Miaka ile simu za kugusa ndiyo zimepamba moto, Mei akatupeleka kwao Shenzhen.

Jamani.

Maghorofa yamesimama kama miwa shambani. Treni inateleza, humwagi hata chai. Mei ananionyesha mnara, "Mama, hapa nilipokuwa mdogo palikuwa na bwawa la samaki." Mimi nawaza Toronto, kituo chetu cha treni kinachimbwa tangu Neema hajaota jino, na lifti yetu ikiamua kulala, inalala. Nikanuna. Mji wa watu unanikera utadhani kaujenga mke mwenzangu.

Ila huo wivu wa maghorofa ulikuwa mdogo.

Wivu wenyewe ni mama yake Mei. Kibibi kifupi, miguu kama ya kuku, Neema anamwita Laolao. Wanaongea Kichina hao wawili, wanacheka mpaka wanashikana mabega. Mimi nimekaa pembeni kama begi la safari.

Kwangu mimi Neema Kiswahili anakielewa chote, lakini anajibu Kiingereza. Na mimi nilikuwa naona fahari! Nilikwenda darasa la Kiingereza la wazee miaka miwili, kwenye baridi ile, ili nimjibu mjukuu wangu "Okay baby, I bring." Nikajiona msomi.

Siku moja tuko kwenye treni, Laolao akamuuliza Neema kitu huku ananitazama mimi. Neema akanitafsiria kwa Kiingereza: Laolao anauliza, kwa kina Bibi wanaongea lugha gani?

Kabla sijafungua mdomo, mtoto akajijibu mwenyewe.

"English."

Wakuu, nilitazama dirishani mpaka tukashuka.

Tulipofika nyumbani Neema akaingia jikoni, akamwomba Laolao maji kwa Kiingereza. Laolao anakata mboga tu. Akaomba tena. Kimya. Nikamwambia Mei, "Mama yako masikio yameziba?"

Mei akacheka. "Anasikia, Mama. Hiyo 'water' anaijua vizuri sana. Anajifanya tu."

Neema akaguna, akaomba kwa Kichina. Akapewa maji, akapigwa busu la utosini.

Nilimchukia yule kibibi, nisiwafiche. Kanishinda mji, kanishinda treni, na mjukuu kanishinda kwa kukaa kimya tu! Mimi miaka miwili nakanyaga theluji kwenda kujifunza namna ya kumpoteza mjukuu wangu mwenyewe.

Tukarudi Toronto. Asubuhi ya kwanza: "Bibi, can I have juice?"

Nikawa kiziwi. Naosha vyombo.

Akalia. Baraka akaja juu, "Mama, unamtesa mtoto!" Nikamwambia wewe nyamaza, wewe ndiye uliyeanza kumwambia "good girl" akiwa kwenye nepi.

Siku ya pili, kiziwi. Roho inaniuma, nikaenda kujifungia chooni nikalia na mimi.

Siku ya tatu Neema akaja na glasi yake tupu, akasimama mbele yangu, mikono kiunoni, uso umeiva:

"Bibi, wewe si kiziwi! Nipa juisi!"

Nilimjazia glasi mbili. Sikumsahihisha hata herufi.

Nilichojifunza ni kwamba mtoto anaongea lugha ya yule anayemlazimisha aihitaji. Laolao alilijua hilo, mimi nikajifanya mwema. Na wivu bado ninao, asiniambie mtu eti umeisha. Kichina cha Neema kimenyooka kuliko Kiswahili chake mpaka leo.

Haya, wenye watoto na wajukuu huku majuu, nyie kwenu mnafanyaje? Tiririkeni.

Ila anayenijibu kwa Kiingereza, simsikii.