Kalamu ya Mpera kwa Nikaha ya Rehema

Kizazi chetu cha Mtopanga hakikununua kalamu, kilichonga. Asubuhi kabla ya kwenda chuo cha Kurani ulikata tete kule bondeni, ukalipasua ncha kwa wembe wa baba uliokwisha makali, ukalichovya kwenye wino wa masizi uliyoyakwangua mwenyewe chini ya sufuria na kuyakoroga kwa maji na utomvu. Maalimu hakukuuliza kwanza umehifadhi nini. Alinyoosha kiganja na kusema, "Lete kalamu nione." Ikiwa imekatwa ovyo aliivunja mbele yako, akakurudisha bondeni, na wenzako wakakuzomea hadi ukapotea machoni. Ndiyo maana mtu wa rika langu ukimpa kalamu huitazama ncha kwanza. Kijana wa leo ukimpa kalamu huigeuzageuza, akitafuta pa kuchajia.

Shuleni nako tulianza kwa penseli. Mama alikata penseli moja vipande vitatu, kila mtoto na chake, akakitoboa na kukivisha uzi shingoni kama hirizi. Kalamu ya wino uliipata ukishakua, na siku hiyo ulitembea njia nzima umesimamisha kalamu kwenye mfuko wa shati, hata kama shati lenyewe halikuwa na vifungo. Ikiisha wino haikutupwa. Mrija wake ulikuwa bunduki ya kupulizia punje za mchele, na wa kwanza kulengwa alikuwa muuza mihogo ya kukaanga pale njia panda, aliyetutukana kwa ufasaha ambao siku hizi huusikii hata redioni.

Na pia, jamani! Nani wa leo anaijua pia? Tulikata tawi la mpera, tukalichonga kwa kisu cha jikoni mpaka likawa na tumbo na ncha, tukapigilia msumari, tukazungushia uzi na kuirusha chini ikavuma. Yangu ilivuma kuliko zote. Mbwana, rafiki yangu tangu siku hizo, hadi leo hakubali, lakini Mbwana hata jua likichomoza hubisha. Mama akituona na visu alikuwa akisema, "Mtoto huyu akikosa mti atachonga ukuta."

Nasema yote haya mjue kwamba nilipotoa ahadi kwa binti yangu sikuwa nikiropoka. Niliondoka Mtopanga na begi la kuazima, nikaenda Maskati kubeba mbao za watu. Nikasoma baada ya kazi, wenzangu wamelala, nikapata diploma ya useremala wa samani. Hakuna mjomba aliyenishika mkono. Leo nina nyumba na karakana yangu Junda, na diploma iko ukutani kwenye fremu niliyoitengeneza mwenyewe. Asiyeiona amefumba macho. Nimekereza miguu ya vitanda, nguzo za ngazi, vishikio vya milango ya watu wenye pesa kule Mkomani. Mti ukishazunguka kwenye mashine yangu huwa hauna siri.

Basi Rehema alipochumbiwa nilimwita mbele ya shangazi zake, nikamwambia aombe anachotaka.

"Baba, dhahabu sitaki," alisema. "Nataka siku ya nikaha utie sahihi ya kuniozesha kwa kalamu uliyoikereza mwenyewe, ya mpera. Miaka yote ulipokuwa Maskati ulinisimulia pia na kalamu zako kwenye simu. Mimi sijaona hata moja."

"Hilo tu?"

"Hilo tu."

"Utaipata kabla chai hii haijapoa."

Mke wangu, Mama Rehema, akanitazama. "Chai ya mwezi gani?" Shangazi wakaangua kicheko.

Kalamu ya kukereza, kwa asiyejua, ni kipande cha mti kilichotobolewa katikati, ndani yake mrija mwembamba wa shaba, kisha mti hukerezwa juu ya mrija huo mpaka unabaki mwembamba kama ganda. Vyuma vyake, yaani ncha, kibanio na kichwa cha kuzungusha, niliviagiza. Nikaenda nyuma ya nyumba ya marehemu mama kule Mtopanga, nikakata tawi la mpera lililonyooka. Lilikuwa bichi. Najua, najua! Diploma haikunipita. Lakini pia zetu zilichongwa mbichi, na hazikuwahi kututia aibu.

Wallahi siku ile nilifurahi. Maranda yalitoka marefu, yenye unyevu, yananukia mapera, nikajiona nimechuchumaa uani na magoti yenye vumbi. Kalamu ikatoka nzuri kama kidole cha bibi harusi. Nikaiweka dirishani, nikaenda kusali adhuhuri. Niliporudi ilikuwa imepasuka toka kichwani hadi mkiani, na shaba inachungulia ndani kama jino la dhahabu.

Mbwana, ambaye tangu astaafu kazi ya bandarini huja karakanani kila siku kukalia mbao zangu, aliiokota.

"Ndo hii?"

"Mti ulikuwa mbichi."

"Na aliyeukata nani, mimi?"

Nikakata vipande vingine, nikavianika juu ya jiko la Mama Rehema vikauke upesi. Vilikauka. Vilijipinda pia, kila kimoja upande wake, kama watoto waliogombana. Kile kilichonyooka kidogo nilikitia keekee, ikatokea ubavuni badala ya kutokea chini. Kingine kilipasukia kwenye mashine, kikaruka, kikampita Mbwana sikioni.

"Yakhe, unanitaka roho?"

"Si ungekaa kwako!"

Na ndivyo ilivyonikera. Mguu wa kitanda ukikosea kidogo, tandiko litafunika. Kalamu haina tandiko. Kalamu ni ndogo, nayo ni ya kiburi kuliko mimi. Rehema alipita mlangoni jioni na kikombe cha chai, akatazama sakafuni palipojaa vipande, akaniwekea chai na kwenda zake. Afadhali angecheka.

Siku zikawa zinaisha. Shangazi wameshaanza kupaka hina, mapishi yameshagawanywa, nani wa pilau nani wa mahamri, nami sina kalamu. Ndipo nikakumbuka jembe la mama. Mpini wake ulikuwa wa mpera ule ule, baba aliuchonga, na mama aliulimia mihogo mpaka mikono yake ikaulainisha ukawa kama ngozi. Ulikuwa umekauka miaka mingi pale nyuma ya mlango wetu wa jikoni. Niliushika, nikaurudisha. Nikaushika tena.

"Sasa unaogopa nini?" aliuliza Mama Rehema.

"Ni jembe la mama."

"Na anayeolewa ni mjukuu wake. Angekuwepo angekukatia mwenyewe, na msumeno angekunyang'anya."

Nikaukata. Mti mkavu ule ulikerezeka kama ndoto, rangi ya asali na mishipa ya kahawia. Nikaupiga msasa mpaka mkono ukateleza. Kilichobaki kilikuwa kuupa mng'aro, na hapo, ndugu zangu wa rika langu, nilifanya kosa ambalo mtu wa bara hawezi kulifanya. Sisi Pwani tumelelewa kwamba hakuna kisichopona kwa mafuta ya nazi. Mtoto akikohoa, hupakwa kifuani. Nywele zikikatika, mafuta. Mlango ukilia, mafuta. Pia zetu tulizilaza kwenye mafuta ya nywele ya mama, tuliyoyaiba, tukazianika zikang'aa. Basi nikaichovya kalamu kwenye mafuta ya nazi safi, nikaipangusa, ikawaka kama taa. Nikavaa kanzu mpya niliyoshonewa kwa siku ya kuozesha, nikatia kalamu mfukoni, nikaenda kumwonyesha mke wangu.

Alinitazama kifuani. "Kalamu hii ya kuandikia au ya kukaangia viazi?"

Doa lilikuwa mviringo, la njano, pale pale penye moyo. Nikajaribu kuandika jina langu kwenye karatasi. Karatasi ikanywa mafuta na kuwa kama ya kufungia bajia, na wino ukakataa kupita. Mbayuwayu angeandika vizuri zaidi.

Kanzu alichukua yeye, na alichokisema akiifua si cha kuandikwa hapa. Mimi nikarudi karakanani kwa hasira. Kule Maskati niliona mafundi wakiipaka kalamu gundi ya haraka tabaka kwa tabaka, ikizunguka, mpaka inakuwa kama kioo. Nikapaka. Juu ya mafuta gundi ikageuka nyeupe kama ukoga wa asiyepiga mswaki. Nikazidisha. Kitambaa kikaganda kwenye kalamu, kidole gumba kikaganda kwenye kitambaa. Mbwana, badala ya kunisaidia, alikwenda kumwita Mama Rehema, naye akawaita shangazi. Niliunguzwa kwa maji ya moto, nikavutwa, nikasomewa, na shangazi mkubwa akasema tangu azaliwe hajaona mtu na kalamu wakifunga ndoa kabla ya bibi harusi.

Mpini ulikuwa umebakisha kipande kimoja kizima kisichofika shibiri; kwingine kote kulikuwa kumeliwa na mchwa.

Kesho yake nilianza upya. Sikuwasha redio, sikumjibu Mbwana salamu yake ya kejeli. Nilitoboa polepole, nikakereza polepole, na kila patasi ilipotaka kuingia zaidi niliirudisha nyuma. Niliogopa. Nasema ukweli, mimi niliyekereza ngazi za matajiri niliogopa kipande cha mpini. Kwa hiyo kalamu ilibaki nene. Nikaisugua kwa nta ya nyuki tu, kwa kitambaa kikavu, basi. Haikung'aa. Ilikuwa ya rangi ya asali iliyolala, na unono wa kidole cha mguu.

Ijumaa baada ya alasiri tukakaa msikitini. Nilimshika mkono kijana, Athumani, nikatamka maneno ya kumwozesha, akakubali. Kijana ni mzuri, ana adabu, anafanya kazi ya kompyuta kwenye ofisi za bandari, lakini ni kijana wa leo. Shehe alifungua daftari, nikatoa kalamu.

"Mzee Omari, kalamu au mwiko?" aliuliza Shehe. Safu ya mbele yote ikacheka.

Nikaweka sahihi. Wino ulipita. Haukukwaruza, haukukatika. Kisha nikampa Athumani. Akaigeuza, akaiminya kichwani, akaiminya ubavuni.

"Baba, inabofywa wapi?"

"Haibofywi, mwanangu. Zungusha."

Akazungusha. Akaishika kwa ngumi kama mtu anayekuna nazi, akaandika jina lake lote herufi moja moja, ulimi nje, kama yuko darasa la pili. Sahihi hana! Mtu ana mke, hana sahihi. Maalimu wetu angeivunja ile kalamu na mkono wenyewe. Lakini jina liliandikika, na kwa jina hilo binti yangu akawa mke wa mtu.

Nilipofika nyumbani nilimpa Rehema kalamu ndani, katikati ya vigelegele na harufu ya asumini na pilau. Hakuitazama ncha. Aliipitisha vidoleni taratibu, akapata pale ambapo mpini ulikuwa na kovu dogo ambalo sikuthubutu kulisaga, akaibana kiganjani. "Ni nene vizuri," akasema. Akaitia mkobani na kuondoka nayo.

Enzi zetu binti akiolewa alihamia nyumba ya tatu. Alasiri alikuwa amesharudi kwao, leo kaja kuazima mbuzi ya nazi, kesho kaja kurudisha, keshokutwa chumvi imemwishia, na hakuna aliyemhesabia. Mama yake akimwona mlangoni alimsogezea mkeka tu. Siku hizi mabinti wana kila kitu. Rehema ana mashine ya kukunia nazi, ana jiko la gesi la meko manne, na chumvi huletewa na kijana wa pikipiki. Anakaa Likoni, ng'ambo ya kivuko, na nimegundua kwamba kivuko kile ni kipana kuliko bahari yote niliyoivuka mimi kwenda Maskati. Hutuma picha ya alichopika. Tunaitazama mimi na mama yake, kwa zamu, kisha tunakula chetu.

Juzi akapiga mwenyewe. "Shikamoo Baba. Kalamu imelegea ncha, inachomoka."

Ni unyevu wa bahari. Mti umecheza, chuma kimeshindwa kushika. Nilikereka, maana kazi yangu hailegei. Kisha nikamwambia ailete.

Alikuja Jumamosi, akashinda nasi. Alikula, akalala mkekani kama zamani, akabishana na mama yake juu ya bizari. Nami nilikaa karakanani na ile kalamu mkononi. Ninayo gundi kabatini ambayo ukiitia chuma hakitatoka mpaka kiama, na kuitia ni kazi ya muda wa kunywa maji. Sikuifungua. Niliibana ncha kwa kidole, nikampelekea.

"Haijawa sawa," nikamwambia. "Niachie. Uje uifuate Jumamosi ijayo."

"Wiki nzima, Baba? Kwani kazi yake ni kubwa hivyo?"

"Kubwa, mwanangu," nikasema. "Kubwa sana."