Chale kwenye Magoti ya Fransiska

Wifi yangu Fransiska aliumwa magoti miaka tisa, na katika miaka hiyo tisa hakuacha kulima. Nasema mapema ili mtu asidhani nasimulia habari za mvivu. Alikuwa mke wa marehemu kaka yangu Bonaventura. Kaka alipofariki, yeye alibaki peke yake hapa Bashay, ng'ambo ya kijito kutoka kwangu, na kishamba chake cha vitunguu swaumu.

Vitunguu swaumu havipandwi kwa kusimama. Unachuchumaa, unachomeka punje moja moja, unasogea, unachuchumaa tena, na palizi ni hivyo hivyo. Mwenye magoti mazima huugulia jioni. Fransiska aliugulia asubuhi, kabla hajagusa udongo, na magoti yake yalilia kama mlango wa zizi. Hospitali walishampiga picha wakamwambia gegedu limelika, mifupa inasagana. Wakampa vidonge, vidonge vikamchoma tumbo, akavitupa, akarudi shambani.

Mwaka jana mwanawe Gidion alikuja kutoka Babati. Gidion si mtoto mbaya, na hilo ndilo linalochosha, maana ungempata mbaya ungemkasirikia ukapumua. Alisema mbele yangu, kwa heshima zote: "Mama, msimu ujao ukishindwa kupanda, shamba tunalikodisha, wewe unakuja kukaa na sisi. Nimechoka kupigiwa simu kwamba umeanguka."

Fransiska akasema sawa. Gidion alipoondoka akanigeukia. "Wifi, mimi nikitoka hapa nimekwisha. Kule watakuwa wananilisha tu."

Basi wakati wa Kwaresima katekista akasoma tangazo baada ya misa: madaktari bingwa wanakuja hospitali ya mjini kwa siku tatu, wenye magoti waende. Muuguzi mmoja wa parokia yetu akatufafanulia. Hawapasui goti. Wanaangalia ndani kwa mashine, wanapitisha sindano nyembamba mpaka kwenye kiungo, wanaweka dawa ya kutuliza uvimbe, na siku hiyo hiyo unarudi nyumbani. Gegedu halirudi, ila maumivu hupoa miezi kadhaa. Fransiska hakuhitaji zaidi ya miezi kadhaa. Upasuaji aliukataa siku zote kwa kuwa hakuwa na mtu wa kumkamulia ng'ombe, lakini sindano ya mchana mmoja aliiweza. Jioni ile alicheka, na mimi nilikuwa nimesahau kwamba ana pengo.

Sasa nifike kwenye kosa langu, maana nimelizunguka vya kutosha.

Mama yangu alituambia tangu utotoni kwamba dawa haipiti penye damu mbaya. Kwanza unaitoa damu, ndipo dawa inapata njia. Mimi niliolewa Dirma kabla sijawa mjane na kurudi kwetu, na kule Dirma namfahamu bibi mmoja wa Kidatoga anayechanja viungo, mwenye mkono mwepesi, anayetumia wembe mpya kwa kila mtu. Nikamwambia Fransiska, twende akutayarishe magoti, sindano ya hospitali ipate njia. Alisita. Nikamsukuma kwa maneno mpaka akapanda pikipiki, mimi nyuma yake.

Yule bibi aliyapapasa magoti muda mrefu. Kisha akaniuliza mimi, kwa sababu mimi ndiye niliyemleta, "Huyu anakwenda hospitali? Maana mimi sichanganyi."

Nikaona akijua atakataa, na tumetoka mbali. Nikamjibu, "Haendi, bibi."

Fransiska aliniangalia, kisha akanyoosha miguu. Akachanjwa chale sita kila goti, akapakwa dawa nyeusi. Zilikuwa zimebaki siku nne madaktari waje.

Hospitalini tulipanga foleni tangu alfajiri. Zamu yetu ilipofika, daktari alikuwa binti mdogo, Dokta Loveness, mwenye adabu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu."

Alipoangalia picha zake alisema anafaa kabisa. Nikamshukuru Mungu kimoyomoyo. Ndipo Fransiska akapandisha kitenge, na daktari akaacha kuvaa glovu.

"Mama, hizi chale ni za lini?"

"Za juzi juzi."

Mbili zilikuwa zimeanza kutoa maji. Daktari akavuta kiti, akakaa karibu. "Mama yangu, hii sindano inaingia ndani kabisa ya kiungo. Ngozi ikiwa na vidonda, nasukuma uchafu wote mle ndani. Goti likioza kwa ndani hatutaongea tena habari ya sindano, tutaongea habari ya kukata mguu. Siwezi."

"Hata moja tu? La kulia?"

"Hata moja, mama. Vikauke kwanza. Sisi tutarudi baada ya miezi sita." Kisha akauliza, bila ukali, "Nani alikushauri kuchanja?"

Nilifungua mdomo. Naapa niliufungua.

"Niliomba mwenyewe," akasema Fransiska, akashusha kitenge.

Njia nzima hakunilaumu. Miezi sita ilimaanisha msimu umepita. Mvua zilipopungua alianza kupanda kwa kukalia gunia, akijiburuta kwa makalio. Alimaliza matuta matatu. Kwenye la nne nilimkuta saa sita mchana amekaa juani, hawezi kuinuka, punje za mbegu zimejaa mapajani. Nikamwambia nitampandia mimi. Nikapanda siku mbili, na shamba langu likawa linanisubiri, na mgongo wangu nao una umri wake. Siku ya tatu sikwenda. Gidion alikuja wiki iliyofuata, akamchukua mama yake. Aliyekodi shamba alilichukua kwa misimu miwili, ng'ombe wakaja kwangu.

Mwezi wa tisa Fransiska alinipigia simu.

"Wifi, Gidion alinipeleka kwa daktari huku. Wamenichoma ile sindano, wiki iliyopita. Dakika chache tu, nikarudi nyumbani."

"Na magoti?"

"Leo nimechuchumaa. Nikainuka mwenyewe, bila kushika kitu."

Nikapiga vigelegele pale pale uani, kuku wakatawanyika. Nilikuwa na furaha ya kweli. Yeye alisubiri nimalize.

"Nilikuwa naokota kijiko," akasema.

Kisha akaniuliza aliyekodi shamba amepanda nini. Nikamwambia maharage, na sasa ameyavuna. "Hata swaumu hakupanda," akasema. Akaniambia daktari anakadiria dawa itamshika mpaka Krismasi, labda zaidi kidogo. "Basi itaisha nguvu nikiwa nimekaa kwenye kochi. Mkwe wangu hataki hata nifagie. Nina magoti, wifi, sina pa kuyapeleka."

Tangu siku ile ya hospitali nilikuwa na maneno ya kumwambia, na sasa alikuwa sikioni kwangu, kana kwamba anayangoja. Nikamwuliza kama kule Babati kuna joto.

"Lipo," akasema. "Ng'ombe wanakamuliwa?"