Karoti za Fundi Saa

Fundi saa anayekaa barazani kwetu huvuta sigara mpaka imchome vidole, halafu hutafuna karoti. Daktari alimwambia kifua kimechoka, aache sigara na ale karoti na mboga za majani. Karoti amezishika kama dini. Sigara, anasema, bado anaifikiria. “Karoti hii inafagia mapafu, mwanangu,” huniambia, huku akipuliza vumbi kwenye saa ya mtu, na katikati ya kupuliza hupumzika. Viganja vyake vimeshageuka rangi ya karoti yenyewe.

Jana mjukuu wake alimlalia kifuani, akatulia kusikiliza.

“Babu, kuna paka analia humu ndani.”

“Ana njaa tu huyo,” akasema, akamega karoti.

Mtoto akamkazia macho. “Paka hali karoti, babu.”