Brashi Moja, Rafu Mbili

Mdogo wangu alipofikisha miaka thelathini na tisa aliliaga darasa alilolifundisha biolojia kwa miaka kumi na minne, akarudi chuo kikuu kuosha mayai ya wadudu. Hivyo ndivyo mama yetu alivyowaeleza majirani, na kusema kweli hakukosea sana.

Nakumbuka mchana ule alipotueleza mezani. Mama alikuwa na kikombe chake mkononi.

"Ni kunguni wa maharage, mama. Yule wa kijani, ukimgusa ananuka."

"Namjua. Alinimalizia bustani nzima mwaka ule."

"Basi huyo huyo. Akitaga, anayapaka mayai yake ute wenye bakteria. Watoto wakitoka tu wanalamba maganda, bakteria wanaingia tumboni, wanawasaidia kukua. Mimi naosha mayai kabla hayajaanguliwa, ili watoto wasipate kitu. Halafu nawaangalia."

Mama aliweka kikombe chini. "Yaani mama wa watu amewaachia wanawe urithi, wewe unaufuta?"

"Naufuta, mama."

"Na watoto wanakuwaje?"

"Wanadumaa. Wengi wanakufa."

"Sasa hilo si ungeniuliza mimi? Nimelea watano."

Tulicheka, mdogo wangu akacheka kuliko sote. Lakini nilimwona wasiwasi usoni. Alikuwa na likizo ya masomo ya miaka miwili tu, na mkuu wa shule alikuwa amemwambia waziwazi kwamba asiporudi wiki ya kwanza ya Januari itakayotajwa kwenye barua, nafasi yake atapewa mtu mwingine. Kwa hiyo alikuwa amejiwekea hesabu moja: kumaliza shahada ndani ya miaka hiyo miwili, au kurudi mbele ya wanafunzi kama mtu aliyekwenda kutembea.

Chumba chake cha wadudu kilikuwa mwisho wa korido, ghorofa ya chini. Hakikuwa na dirisha. Taa ziliwaka na kuzima zenyewe kwa saa maalumu, na joto lake lilikuwa la mtu aliyejifunika blanketi mbili. Kulikuwa na rafu mbili za chuma zinazotazamana. Ya kushoto ilikuwa na vizimba kumi na viwili vya wavu, kila kimoja na mche wa maharage ndani ya chungu. Hao ndio waliotoka kwenye mayai yaliyooshwa. Ya kulia ilikuwa na vingine kumi na viwili, vya wale walioachiwa urithi wao. Hata mimi niliyesoma mambo ya nyaraka, nisiyejua mguu wa mdudu na kipapasio chake, niliona tofauti tangu mlangoni. Wa kulia walikuwa wanene, wanang'aa. Wa kushoto walikuwa wadogo, rangi imepauka, wanatembea kama wagonjwa waliotoka kitandani kwa mara ya kwanza.

Mwenye chumba hasa alikuwa fundi wa maabara, mzee aliyebakiza mwaka mmoja astaafu na aliyewahi kuwaona wanafunzi wa kila aina. Siku ya kwanza alimpa mdogo wangu kanuni moja na kumtaka airudie kama mtoto wa shule. Unaanza kushoto. Brashi ni moja, safi, ya kuhamishia wadudu wachanga. Ukimaliza kushoto unakwenda kulia, ukimaliza kulia unaitumbukiza brashi kwenye spiriti, unatoka. Ukishagusa kulia, usirudi kushoto mpaka kesho.

"Na simu yangu ikibaki kushoto?" mdogo wangu alimuuliza.

"Italala huko."

"Na roho yangu ikibaki kushoto?"

"Hiyo ndiyo mbaya zaidi, Mwalimu, kwa sababu utaifuata."

Wanafunzi wenzake walimwita Mama Kunguni. Wengi walikuwa na umri wa watoto aliowafundisha, na mmoja alikuwa mwanafunzi wake kweli: binti aliyekuwa akikuza ukungu wa majani kwenye chumba cha jirani, akijiandaa kwa uzamivu. Huyo hakuweza kamwe kumwita jina jingine zaidi ya Mwalimu. Walikaa benchi moja kwenye hadubini, binti akimweleza mwalimu wake wa zamani namna ya kutumia mashine ya kuhesabia, na mwalimu akiandika kila kitu kwa penseli kwenye daftari gumu lenye mistari. Saa ya kuingia, saa ya kutoka, kizimba namba fulani, waliokufa, waliojivua ngozi. Nilimwambia anaandika kama karani. Akaniambia, "Dada, nimesahihisha madaftari miaka kumi na minne. Nataka mtu akinisahihisha mimi akute kitu."

Mwezi wa kumi na sita wa masomo yake alinipigia simu katikati ya siku. Sauti yake ilikuwa nyembamba.

"Dada, wamenenepa."

"Nani?"

"Wa kushoto. Vizimba vitatu. Saba, nane na tisa. Ni wakubwa kama wa kulia."

Nilikwenda jioni ile baada ya kazi nikamkuta amekaa kwenye kigoda koridoni, koti jeupe limefungwa vifungo vibaya. Binti wa ukungu alikuwa amechuchumaa mbele yake.

"Vizimba vitatu tu, Mwalimu," alikuwa anasema. "Una tisa vingine vizuri. Andika kwamba miche yake ilikauka. Miche hukauka. Nani atakuja kuihesabu?"

"Ilikauka?"

"Haikukauka. Lakini Mwalimu, imebaki miezi minane."

"Mwaka gani nilikufundisha hivyo?"

Binti aliinamisha kichwa, kisha akacheka kidogo kwa aibu. "Kidato cha tatu ulinipa sifuri kwa kunakili matokeo ya jirani."

"Ilikuwa mbili. Sifuri alipewa jirani, kwa kukubali."

Alifungua daftari lake magotini. Hakuwa anatafuta cha kuficha, alikuwa anatafuta lini. Alirudi nyuma ukurasa kwa ukurasa, kidole kikishuka pembeni kwenye saa, mpaka kikasimama. Nilisoma juu ya bega lake. Jumanne moja, saa nne na nusu: kushoto, kizimba cha kwanza hadi cha sita. Saa tano: kulia, vyote. Saa tano na dakika arobaini, kwa mwandiko uliokwenda mbio: *Shule wamepiga. Mkono wa mtoto. Natoka.* Kisha saa tisa alasiri, mwandiko umetulia tena: *Nimerudi. Naendelea kushoto, saba, nane, tisa. Wametoka kwenye mayai leo.*

Niliikumbuka Jumanne ile. Mwanawe alianguka kwenye ngazi za shule akavunjika mkono, na mama yake akatoka chumba cha wadudu na glavu bado mkononi. Asubuhi ile alikuwa ameruka vizimba sita kwa sababu mayai yalikuwa bado yanaanguliwa, akapanga kuvisubiri mpaka mwisho. Hilo peke yake tayari lilikuwa kosa. Na aliporudi, akili yake ikiwa bado hospitalini, aliiokota brashi ile ile mezani. Haikuwa imeingia kwenye spiriti. Ilikuwa imetoka kulia. Aligusa vizimba vitatu, akachoka, akaviacha vitatu vya mwisho kwa kesho yake, na kesho yake brashi ilikuwa mpya.

Aliweka kidole kwenye maneno ya saa tisa. Halafu akasema, polepole, kama anayezungumza na mtoto aliye mwisho wa darasa, "Kwa hiyo brashi iliwapelekea."

"Iliwapelekea nini?" niliuliza.

"Urithi wao, Dada. Walioguswa wamekua. Wa vile vizimba tisa vingine wamedumaa." Alinitazama. "Lakini siwezi kulihesabu. Hili ni kosa, si jaribio."

Msimamizi wake, Profesa mwenye maneno machache, aliusoma ukurasa ule mara mbili akiwa amesimama.

"Ungeweza kunyamaza," alisema.

"Ningeweza."

"Basi lifanye kwa makusudi. Vizimba vya kutosha, brashi safi kwa wengine, brashi iliyopita kulia kwa wengine. Tangu mayai." Akamrudishia daftari. "Miezi kumi, nadhani."

Miezi kumi ilivuka Januari. Mdogo wangu alijua hivyo kabla Profesa hajafunga mdomo. Barua ya mkuu wa shule ilikuja kwa tarehe yake, naye akarudi darasani kwa tarehe yake, bila shahada. Walimu wenzake walimuuliza kunguni hawajambo. Alijibu hawajambo, wanawasalimu. Kila siku ya shule alifundisha mpaka saa nane mchana, kisha akaenda chuo, akavua nguo za shule, akanawa mikono mpaka kwenye viwiko, akaanza kushoto. Hakukosa siku, hata Jumapili, na walioguswa na brashi iliyopita kulia wakanenepa tena. Nilimwona akikonda mwaka ule, na sikumwambia apumzike, kwa sababu mara nyingi nimewaambia watu wapumzike nikakuta baadaye nilikuwa nawaambia waache.

Siku ya kutetea tasnifu tulikaa safu ya nyuma: mama, mpwa wangu, fundi wa maabara aliyekwishastaafu na kuja na suti, binti wa ukungu, na mimi. Mtahini wa nje alikuwa mwanamume mwenye miwani kwenye kamba. Aliuliza mengi, akajibiwa. Mwisho akafungua ukurasa mmoja.

"Hili jaribio la brashi. Ni rahisi mno, na ndilo lililobeba kazi yote. Wazo ulilipata wapi?"

"Sikulipata," mdogo wangu alisema. "Nilikosea. Nakala ya daftari iko kwenye kiambatisho."

Mtahini alifungua nyuma, akasoma kwa sauti, akidhani ni jambo la maabara tu: "*Shule wamepiga. Mkono wa mtoto. Natoka.*" Mpwa wangu, aliyekuwa kando yangu, aliutazama mkono wake kama ndio kwanza aone unafanya nini pale.

"Na aliporudi," fundi alininong'oneza, "aliifuata roho yake. Nilimwambia." Alikuwa anafuta macho kwa tai.

Mtahini alivua miwani. "Wengi wangeuacha ukurasa huu nyumbani," alisema, na hakuuliza tena.

Mama, ambaye masikio yake hayamruhusu tena kunong'ona, aliniinamia akasema ukumbi mzima ukasikia: "Si nilimwambia angeniuliza mimi!"

Watahini walipotoka kujadiliana hawakukaa hata robo saa. Amefaulu. Palikuwa na makofi, na picha, na mama akishikwa mkono na Profesa. Mimi nilisimama pembeni nikiwa na koti la kila mtu mikononi.

Kisha nikaona hayupo. Nilimkuta mwisho wa korido, ameshavua viatu vya ukumbini, anafunga vifungo vya koti jeupe.

"Leo pia?"

"Wao hawajui nimefaulu, Dada." Alinitupia koti jingine na boksi la glavu. "Nawa mpaka kwenye viwiko. Tunaanza kushoto."